Nguzo za Shambani



Ng'ambo kuna watu walipao kiingilio ili watembee mashambani wakitazama sanamu zilizosimamishwa chini ya miti. Sisi wa Garsen na kandokando ya Mto Tana hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tukishika barabara ya kusini kuelekea Malindi, twaingia nchi ya Wagiriama, na huko nyumbani kwa wazee husimama vigango. Kigango ni nguzo ya mti mgumu, yenye kichwa, na kiwiliwili kilichojaa pembetatu zilizochongwa kwa ustadi. Husimamishwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Kisha huachwa pale pale, mvua na mchwa wafanye kazi yao. Kukihamisha ni mwiko.

Mwaka 1985 mtaalamu wa mila kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Haukupita muda, vikaibwa. Mwaka 1999 bibi huyo akakitambua kimoja: kilikuwa katika jumba la makumbusho huko Illinois! Cha pili kilikuwa Hampton, Virginia. Vilirudi Kenya mwaka 2007, lakini mzee hakuwako tena kuvipokea. Mwaka 2019 vikarudi vingine 30 kutoka Denver.

Sasa, yuko Mkristo asemaye, "Hayo ni mambo ya mizimu, wacha yaende." Neno hilo tunalikataa. Sisi hatuombi kwa nguzo, wala hatuzitolei sadaka, na hapo Maandiko yako wazi. Lakini asiyekiheshimu kigango hakupewa ruhusa ya kukiuza. Amri ya nane haikuuliza dini ya mwenye mali. Yakobo naye alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli (Mwanzo 35:20). Nani kati yetu angependa kuiona ikipakiwa garini usiku?

Na mara nyingi aliyeng'oa hakuwa mgeni. Alikuwa kijana wa jirani mwenye shida ya fedha, akapata kidogo, na faida ikaenda kwa wenye maduka.

Basi vijana wetu, akija mtu jioni kuulizia vigango viko wapi, mwambieni arudi mchana, mumpeleke kwa mzee mwenyewe, mbele ya watu wa nyumbani.

Tuombe.