Vita Huanzia Moyoni

Fungueni pamoja nasi Waraka wa Yakobo, mlango wa nne. Mtume atafuta chimbuko la ugomvi, wala haendi kulitafuta nyumbani kwa jirani. Alitafuta ndani ya moyo wa mtu mwenyewe.

Asubuhi tukipanda matatu kutoka Kawangware kwenda mjini, mara nyingi twasikia abiria na makanga wakigombana kwa ajili ya shilingi kumi. Lakini shilingi zile sizo kisa. Mmoja aliamka na deni la kodi ya nyumba. Mwenziwe aliondoka bila kusemezana na mkewe. Moto uliwaka kabla gari halijaondoka.

Ndivyo ilivyokuwa kwa taifa letu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na wengi walikimbilia uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, karibu na barabara ya Ngong. Tarehe 28 Februari 2008, mbele ya Harambee House, Bwana Kibaki na Bwana Odinga walitia sahihi mapatano, Kofi Annan akishuhudia. Tulimshukuru Mungu. Hata hivyo, kalamu yaweza kuuzuia mkono, lakini moyo haiufikii.

Na sisi wahubiri je? Mwezi ule ule, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Maneno hayo yalituchoma. Tulisimama mimbarani tukiomba amani, kumbe moyoni tulikuwa tumekwisha kuhesabu nani ni wetu na nani si wetu. Tulishiriki Meza ya Bwana na ndugu, kisha tukimsikia akisema lugha yake mlangoni, tukanyamaza.

Wapendwa, toba ile ndiyo njia. Kabla ya kumwendea uliyekosana naye, piga magoti umwambie Mungu habari zako mwenyewe: wivu wako, hofu yako, kiburi chako. Makosa ya jirani usimsomee, anayajua. Kisha inuka uende, wala usingoje yeye aanze. Huenda asikupokee. Lakini hutakwenda tena kama adui.

Ee Bwana, utuchunguze, ututakase, utupatanishe. Amina.