Tupime Kwanza, Ndipo Tununue

(Maneno ya Kamati ya Maendeleo katika mkutano wa mwaka wa wana-Masukulu)



Mwaka huu tunawaomba fedha kwa ajili ya jambo lisilo na bati wala saruji. Tunawaomba mchangie utafiti. Tunajua neno hilo linaweza kumfanya mtu arudishe pochi mfukoni, hivyo tunaomba mtusikilize kidogo.

Tuliokulia Masukulu tunajua takataka za zamani zilikuwa nini: maganda ya ndizi, majani, majivu na samadi. Vyote vilikwenda chini ya mgomba, vikarudi nyumbani kama mkungu. Hakuna aliyehitaji dampo. Leo, sokoni na kwenye vibanda, kuna chupa za maji, pampasi, betri za tochi na pakiti za sabuni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini hivyo vingine vingali vipo. Na mvua ya kwetu mnaijua: eneo la Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kinachotupwa barabarani jioni, asubuhi kiko mtoni, na huko chini kuna mtu anachota.

Limetolewa pendekezo la kununua trekta na tela la kuzoa taka. Ni pendekezo la nia njema. Lakini trekta hilo litabeba nini, kiasi gani, na kupeleka wapi? Katika miji ya Tanzania, sehemu kubwa ya taka za majumbani ni zile zinazooza. Ikiwa hata kwetu ni hivyo, tutakuwa tunachoma dizeli kumnyang'anya mkulima mbolea na kuifukia shimoni. Huenda tunachohitaji ni mashimo ya mboji na mahali pamoja salama pa kuweka visivyooza. Huenda trekta linahitajika kweli. Mizani ndiyo itakayotuamulia.

Wenzetu wakubwa wamepita njia hii. Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa imezidiwa na taka. Kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, jiji liliandaa kwanza maelezo ya hali ya mazingira yake, na mwaka 1992 wadau wakakaa pamoja kuchagua matatizo ya kuanza nayo. Taka zilikuwa miongoni mwa hayo. Mwaka 1994 uzoaji katika kata za katikati ya jiji ukakabidhiwa kampuni binafsi, na baadaye vikundi vya wananchi navyo vikapewa maeneo. Taka hazikwisha Dar es Salaam, lakini kazi ilipata mpangilio. Kisha, kwa msaada wa Denmark, utaratibu huo ukapelekwa katika miji mingine, Mbeya ikiwemo.

Angalieni orodha hiyo: ni majiji na manispaa. Fedha za wafadhili huenda kwenye miji mikubwa, na huja na maswali ya mfadhili. Senta ndogo kama yetu haiingii humo mpaka iwe imekwisha kuharibika. Kupanga wakati nyumba bado ni chache ni rahisi kuliko kubomoa baadaye.

Halmashauri yetu inao wajibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka serikali za mitaa ziwe na mipango ya mazingira, na inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini halmashauri ina kata nyingi na mfuko mmoja. Kata inayokwenda na malalamiko husikilizwa. Kata inayokwenda na takwimu huingizwa kwenye bajeti.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, taka za soko, vibanda na baadhi ya kaya zipimwe kwa mizani, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, zikitenganishwa zinazooza na zisizooza. Pili, chemchemi, mifereji na sehemu zinazotupwa taka zichorwe kwenye ramani pamoja na zile mita 60. Tatu, tuombe chuo kimoja kitupatie msimamizi, lakini wapimaji wawe vijana wetu, na walipwe posho.

Tuna sharti moja: taarifa iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwenye mikutano ya vijiji, ndipo ipelekwe halmashauri. Taarifa isiyosomwa na mwenye taka haitazoa hata chupa moja.

Baada ya hapo, ikiwa mizani itasema trekta, tutarudi kwenu kuomba trekta, nanyi mtajua mnanunua nini. Ikiwa itasema mashimo ya mboji, tutakuwa tumeokoa fedha zenu.

Kiwango cha chini cha mchango ni shilingi 20,000 kwa mwanachama. Mwenye zaidi asizuiwe, na asiye nazo alete mizani yake au nguvu zake. Mto unaopita kwetu tuliurithi ukiwa safi, na wanaotufuata watatuuliza.