Uongozi ni Amana: Mafundisho ya Waislamu juu ya Kugombea na Kupiga Kura



Mada tuliyopewa yahusu mafundisho ya Kiislamu juu ya kugombea uongozi na kupiga kura. Huenda mtu akauliza: sisi Wakristo yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu kura tunaipiga katika kituo kimoja. Kuanzia Katesh hadi Haydom, Mkristo, Mwislamu na yule afuataye dini ya jadi humchagua diwani mmoja. Na kila uchaguzi unapokaribia husikika minong'ono: "Huyu si wa dini yetu." Minong'ono hustawi pale maarifa yanapokosekana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulituhimiza kushirikiana na Waislamu katika kutetea haki na amani. Ni vigumu kushirikiana na jirani ambaye hatujui anaamini nini.

1. Uongozi haukimbiliwi

Neno kuu katika mafundisho hayo ni amana, yaani mali ya mwingine iliyowekwa mikononi mwako, ambayo mwenyewe atakuja kuidai. Hadithi zilizokusanywa na Bukhari na Muslim zasimulia kwamba Mtume Muhammad alimkataza Abdurrahman bin Samura asiombe madaraka. Alimweleza kwamba anayepewa kwa kuomba huachiwa mzigo peke yake, bali anayepewa bila kuomba husaidiwa na Mungu. Abu Dharr naye, mtu aliyesifika kwa uchaji, alipotaka madaraka aliambiwa kuwa yu dhaifu kwa kazi hiyo, na kwamba Siku ya Kiyama madaraka yatakuwa majuto, isipokuwa kwa aliyeyapata kwa haki na kuyatimiza. Basi, hata uchaji peke yake haukutosha. Uwezo nao ulitakiwa.

2. Je, kugombea ni haramu?

Wanazuoni wengi hujibu kwa mfano wa Yusufu. Kadiri ya Kurani, Yusufu mwenyewe alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya ghala za nchi, akitaja uaminifu na ujuzi wake. Tena mfalme yule hakuwa wa dini yake. Hivyo wanatofautisha mambo mawili: kutamani cheo kwa uroho, jambo ambalo ni baya, na kujitolea kwa ajili ya shida ya watu ukiwa na uwezo, jambo ambalo laweza kuwa wajibu.

Wapo wanaokataa uchaguzi wa kidemokrasia kabisa, kama chama cha Hizb ut-Tahrir, wakisema kwamba kutunga sheria ni haki ya Mungu peke yake. Hiyo si sauti ya Waislamu wote. Wengi hutegemea shura, yaani mashauriano, yanayotajwa katika sura ya 42 ya Kurani. Mtume alipofariki mwaka 632, Abu Bakr alipatikana kwa mashauriano na kiapo cha utii. Na mwaka 644 Umar aliwaachia watu sita kazi ya kumpata mrithi wake. Katika nyakati zetu, Sheikh Yusuf al-Qaradawi, mzaliwa wa Misri, alifundisha kwamba kura ni ushahidi. Anayempa kura asiyefaa kwa sababu ya undugu au fedha ametoa ushahidi wa uongo.

3. Mifano ya nchini mwetu

Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani, baada ya wananchi kuteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Lakini amana ilikuwa yake. Mwaka 1985 wananchi walimpa Urais.

Mfano wa pili ni wa kinyume. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu "takrima", yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Ilibidi mashirika ya kutetea haki yaende mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu hivyo. Hapo Mwislamu na Mkristo walifundishwa jambo moja: pombe, chumvi na fulana za mgombea ni bei ya ushahidi.

4. Yatupasa nini?

Kristo aliwafundisha mitume kwamba mkubwa awe mtumishi. Mafundisho haya na yale ya amana yanakutana mlangoni mwa ofisi ya kijiji. Wazee wa Hanang wanakumbuka jinsi malisho ya Wabarbaig kule Basotu yalivyotwaliwa kwa ajili ya mashamba ya ngano ya NAFCO. Ardhi inapoamuliwa, mwenye kupoteza malisho haponywi na kiongozi wa dini yake, bali na kiongozi mwadilifu.

Baada ya Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025, ambapo damu ilimwagika, wengine wanasema kura haina maana tena. Uchungu huo una sababu. Lakini ikiwa kura ni ushahidi, basi anayesimamia kituo, anayehesabu na anayetangaza nao wamebeba amana, na ushahidi uliopotoshwa utadaiwa kwao. Tuwadai hivyo kwa amani, pamoja na jirani zetu Waislamu, bila kuchoka.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, katika kijiji chetu tumewahi kumkataa mtu anayefaa kwa sababu ya dini au ukoo wake?

2. Mgombea akituletea zawadi, tutamjibuje pamoja, Wakristo na Waislamu?

3. Ni nani kati yetu mwenye uwezo na uaminifu, ambaye yafaa tumwombe agombee?