Rufaa Si Machozi, Ni Hoja



Kwenye mahospitali na nyumba za wazee hapa Uingereza, ambako wengi wetu tuko, neno "kupunguzwa" limezoeleka. Mtu anapunguzwa, anakwenda Baraza la Kazi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki, anashindwa, kisha anasema: basi, Wazungu wamelindana. Jioni hii nasema si lazima iwe basi.

Mfikirieni Bwana Polkey, dereva wa kampuni moja. Aliitwa ofisini ghafla, akaambiwa kazi yake imeondolewa, aende nyumbani. Hakushauriwa kabla. Baraza lilikiri kwamba utaratibu ulikiukwa, lakini likasema hata angeshauriwa angeachishwa tu. Akakata rufaa, akashindwa. Akakata tena, akashindwa. Mwaka 1987 Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa wakati ule, likampa ushindi na kuamuru kesi isikilizwe upya. Tangu hapo, kwa kawaida mwajiri hawezi kujitetea kwamba mashauriano yasingebadilisha kitu. Hilo laweza kupunguza fidia, lakini halihalalishi dhuluma.

Angalieni alivyoshinda. Hakuwaambia majaji "sikuaminiwa". Alionyesha kwamba sheria ilisomwa vibaya. Baraza la Rufaa halisikilizi mashahidi upya. Linauliza kama kulikuwa na kosa la kisheria, kwa mfano uamuzi usio na ushahidi wowote.

Kwa hiyo, ukishindwa, omba sababu za hukumu kwa maandishi hapo hapo, au ndani ya siku 14 tangu utumiwe hukumu. Ukiziomba kwa wakati, una siku 42 tangu zitumwe, na siku ya mwisho inafungwa saa 10 alasiri. Ukichelewa, huruma ni adimu.

Wenye viza ya mwajiri wana saa nyingine inayogonga. Ukiachishwa, kwa kawaida serikali hukupunguzia muda hadi siku 60, na rufaa ya kazi haizuii hilo. Tafuta mwanasheria wa uhamiaji siku ile ile.

Mwisho, tujiunge na vyama vya wafanyakazi kabla ya msiba. Ada za mabaraza haya zilizoanza mwaka 2013 zilifutwa na Mahakama ya Juu mwaka 2017, kwa kesi ya chama cha UNISON. Hazikufutwa kwa manung'uniko ya vibarazani.