Kuchagua Mradi wa Kijiji Wakati Fedha za Serikali Zinapokuja kwa Haraka

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani, Tosamaganga



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la mhandisi na diwani, wala si la padre. Serikali inapotoa fedha nyingi kwa muda mfupi ili kuinua uchumi ulioanguka, kijiji kijenge nini, na ni nani mwenye haki ya kuchagua? Nitajaribu kulijibu swali hili kama mtu anayekaa nanyi hapa, anayepita barabara zile zile na kunywa maji yale yale.

Kwanza tuelewe fedha hizi ni za namna gani. Uchumi unapodorora watu hawanunui, na wasiponunua, fundi hukosa kazi na mwenye duka hufunga mlango. Hapo Serikali hukopa na kutumia, ili mshahara wa fundi ununue unga wa mkulima. Katika majira ya baridi ya 1933 na 1934, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aliwaajiri watu zaidi ya milioni 4 kwa miezi michache tu, watengeneze barabara, shule na mifereji. Kazi nyingi zilikuwa ndogo, maana kazi ndogo huanza upesi. Ndiyo kusema fedha hizi huja na amri mbili zinazogombana: zitumike haraka, na zitumike vema. Ugomvi wa amri hizo mbili humalizikia kijijini, mikononi mwetu.

Nchi yetu imeyaona hayo zaidi ya mara moja. Juni 2009, dunia ilipokuwa katika msukosuko wa fedha, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wa shilingi trilioni 1.7. Sehemu yake ilikwenda kufidia hasara za wanunuzi wa pamba na kudhamini mikopo. Mwanakijiji wa kawaida aliusikia redioni. Mwaka 2021 mambo yalikuwa tofauti. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitukopesha dola milioni 567.25 kwa sababu ya UVIKO-19, na tarehe 10 Oktoba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3. Humo mlikuwa na vyumba vya madarasa 15,000, yaani 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, kila chumba shilingi milioni 20. Vilitakiwa viwe tayari kabla ya wanafunzi kufungua shule Januari 2022.

Sivibezi vyumba hivyo. Mtoto aliyesomea chini ya mti anajua thamani ya bati. Lakini tutazame kalenda yetu wenyewe. Kwetu Iringa matofali huchomwa kiangazi, na mvua huanza mwishoni mwa Novemba. Fedha zinazotangazwa Oktoba hutudai mchanga, mawe na maji wakati ule ule ambapo mama anapaswa kuwa shambani akipanda mahindi. Siku moja ya kubeba maji ya ujenzi, mvua ya kwanza ikiwa imekwisha kunyesha, ina gharama ambayo haimo katika kitabu cha mhasibu yeyote. Tena vijiji vyote vya wilaya vikitafuta saruji katika mwezi mmoja, msishangae bei ikipanda.

Jirani zetu wa Kenya walijaribu njia nyingine. Katika bajeti ya 2009/10, Waziri wa Fedha Uhuru Kenyatta alitenga shilingi bilioni 22 za Kenya kuchochea uchumi, na mgawo ukafuata majimbo ya uchaguzi, ambayo wakati huo yalikuwa 210. Kulikuwa na masoko, vituo vya afya, shule za mfano, na pia mabwawa ya samaki, 200 kwa kila jimbo katika majimbo 140 ya awamu ya kwanza. Mgawo sawa hupendeza machoni, wala hauleti manung'uniko bungeni. Lakini samaki hamjui mbunge. Anajua maji na chakula. Misaada ya vifaranga na chakula cha samaki ilipokoma, mabwawa mengi yaliachwa yakaota majani. Waliochimba walilipwa vibarua vyao, na hilo si dogo. Ila bwawa lenyewe halikuwa jibu la swali ambalo wenyeji walikuwa wameuliza.

Hapa mafundisho ya Kanisa yana neno. Tangu Papa Pius XI alipotoa waraka wake Quadragesimo Anno mwaka 1931, Kanisa limefundisha kanuni ya auni: jambo ambalo jumuiya ndogo inaliweza, jumuiya kubwa isiinyang'anye, bali iisaidie ilitimize. Na sheria ya nchi haiko mbali na hapo. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982 inautambua Mkutano Mkuu wa Kijiji, wa watu wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kuwa ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Halmashauri ya Kijiji ni watumishi wake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuna pia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao kwa huo kijiji huandika chenyewe mahitaji yake kwa kufuata uzito. Kijiji chenye orodha iliyojadiliwa na kupigwa mhuri kabla ya fedha kuja kina la kusema Mtendaji anapofika na mradi uliokwisha kuamuliwa. Kisicho na orodha hupokea kinacholetwa, na kushangilia.

Tena tuulize ni nani anayesema katika mkutano huo. Waheshimiwa wanaume hukaa mbele na husema kwa urefu. Mama anayeteremka bondeni kuchota maji hukaa nyuma na mtoto mgongoni, naye huondoka kabla ya uamuzi kwa sababu jua limetua na hajapika. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, Mitume hawakuwakemea Wayahudi wa Kiyunani walionung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, walibadili utaratibu. Nasi twaweza kuubadili: mkutano uanze mapema, akina mama wapange orodha yao peke yao kwanza, kisha orodha mbili ziwekwe pamoja mbele ya wote.

Nina sababu ya kukaza jambo hili. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Iringa watoto 56.9 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa nchi ni 30. Sisi tunaovuna mahindi, maharage na viazi! Mkoa huu huu, ulipokuwa bado pamoja na Njombe, ulianza mwaka 1983 mpango wa lishe wa UNICEF na WHO kwa fedha za Serikali ya Italia, katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito hadharani, na matokeo yakapelekwa mbele ya Halmashauri ya Kijiji ili iamue la kufanya. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka mizani ile. Kudumaa kuna sababu nyingi: chakula cha aina moja, maji machafu yaletayo kuhara, mama asiye na muda wa kumlisha mtoto mara kwa mara kwa kuwa yuko njiani. Basi chemchemi iliyojengewa vizuri yaweza kufanya kazi ambayo chumba cha tano cha darasa hakitaifanya. Sisemi kila kijiji kichague maji. Nasema takwimu za zahanati zisomwe mkutanoni kabla ya kura kupigwa.

Kisha kuna maboma. Mnayajua. Wananchi wamefyatua matofali, wamepandisha kuta hadi kwenye lenta, wakangoja Serikali iezeke, na mvua miaka yote inakula kuta. Bwana wetu alisema habari za mtu aliyeanza mnara asiweze kuumaliza, nasi tunacheka tukiisikia Injili hiyo, halafu tunatoka kanisani na kupita mbele ya boma letu. Maoni yangu ni kwamba fedha ya haraka imalizie kwanza kilichoanzwa, ikiwa bado kinahitajika na mhandisi amezikagua kuta. Lakini zahanati iliyoezekwa bila mganga, bila dawa na bila nyumba ya mtumishi ni boma lenye bati. Kila mradi utajiwe gharama zake za mwaka wa pili: nani atalipwa kutunza pampu, nani atazibua kalavati, RUWASA au TARURA wamekubali nini kwa maandishi?

Juu ya michango nitasema kwa ufupi, ila kwa ukali. Mjane asidaiwe tripu za mchanga sawa na mwenye trekta. Kitabu cha Nehemia, sura ya 3, kinawataja waliojenga ukuta wa Yerusalemu, hata kikawaandika wakuu wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo zao kwa kazi. Aliyechangia apewe stakabadhi, naye mkubwa wa kijiji aandikwe katika daftari lile lile.

Nasi wa Kanisa tujihadhari. Misheni hii ina hospitali inayohudumia wilaya nzima, ina shule, na ni rahisi kwetu kuamini kwamba barabara inayofika kanisani ndiyo barabara ya wote. Kiongozi wa walei aliye mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji asiipigie kura changarawe ya parokia ikiwa ng'ambo kuna watoto wanaovuka mto kwa gogo wakati wa masika.

Kwa kazi ya vikundi baada ya chai: kila kigango kiandike miradi iliyopata fedha za Serikali tangu 2021, kiasi kilichobandikwa kwenye ubao wa matangazo kama kilibandikwa, nani aliupendekeza mradi, na kama leo unatumika. Mahali msipojua, andikeni jina la ofisi mtakayokwenda kuuliza na siku mtakayokwenda. Mkutano Mkuu wa Kijiji hupaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Andikeni pia tarehe ya ule wa mwisho.