Dhima ya Kulabu Moja



Asubuhi ya tarehe 8 Novemba 2018, upepo mkavu wa kaskazini-mashariki ulipokuwa ukishuka kwa ghadhabu katika korongo la Mto Feather, huko California nchini Marekani, kulabu ya chuma iliyoshikilia waya wa umeme juu ya mnara ilikatika, cheche zikaangukia majani yaliyokuwa hayajaonja mvua kwa miezi mingi, na kabla ya adhuhuri mji wa Paradise, uliojengwa juu ya kigongo cha mlima na kukaliwa na watu wapatao 26,000, ulikuwa ukiteketea mtaa kwa mtaa. Walifariki watu 85, wengi wao wazee, na majengo zaidi ya 18,000 yakaangamia.

Wako wasemao kwamba upepo ni kudura ya Mwenyezi Mungu, nami sibishani nao. Walakini upepo ule haukuwa mgeni, kwani wenyeji waliuzoea kila kiangazi kinapokwisha. Na kampuni ya Pacific Gas and Electric, iliyokabidhiwa amana ya njia ile ya umeme, haikukosa kujua kwamba njia yenyewe ilianza kazi mwaka 1921. Kulabu ile, iliyokaribia umri wa miaka mia, ilisagika kidogo kidogo katika tundu lake, ilhali kwa miaka mingi hapakuwa na mkaguzi aliyeupanda mnara akaitazama kwa karibu.

Wala taksiri haikuwa ya kampuni peke yake. Skyway, barabara kuu ya kushukia bondeni, ilikuwa imepunguzwa upana katikati ya mji kwa usalama wa waendao kwa miguu (na nani angelaumu nia hiyo siku ya amani?), na siku ya maafa halaiki ya watu ikakwama humo, moto ukiwa pande zote.

Mwaka 2020 kampuni ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia, ikatozwa faini ya jinai isiyofika dola milioni 4. Hakuna hata mtu mmoja aliyefungwa, maana kampuni haina mikono ya kutiwa pingu. Sheria ilitimizwa, insafu, kwa maoni yangu, haikutimizwa.

Basi nawasihi ninyi mliopewa dhamana ya minara, mabomba na barabara za umma: kila ukaguzi uandikwe chini yake jina la mtu aliyeufanya na la mkubwa aliyeupokea, ili siku ya kuulizwa awepo wa kujibu.