Siri ya Jeshi si Kaburi la Haki
Mwezi Julai 1971, mwandishi Nicholas Stroh na mwalimu wa Makerere Robert Siedle, Wamarekani, walikwenda Mbarara kuchunguza mauaji ya askari katika kambi ya Simba. Hawakurudi. Jaji David Jeffreys Jones aliwekewa vikwazo na wakubwa wa jeshi; taarifa yake, iliyosema kuwa waliuawa na wanajeshi wa kambi hiyo, aliileta akiwa amekwisha ikimbia nchi, 1972. Mficha maradhi kifo humuumbua. Siri ya jeshi humzuia adui, haimsitiri muuaji. Askari wa leo, awe lindoni Mbarara au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na aandike kila tukio siku ile ile: daftari la kweli ndiyo ngao ya asiye na hatia.